Kuti, Ukindu na Udongo: Kazi za Mikono za Kufanya na Watoto Wadogo Huku Kusini

Kazi za mikono za familia hukwama pale mzazi anaposhika kila kitu mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hataki kutazama, anataka kushika, na akinyimwa cha kushika ataufuata mkasi. Kwa hiyo kabla hujakusanya hata ukuti mmoja, gawa kazi. Wa miaka miwili na mitatu analowesha, anakanda, anachambua na kukabidhi. Wa minne na mitano anapaka gundi, anakunja, anafinyanga, na anaweza kukata karatasi kwa mkasi butu ukiwa umekaa naye. Wa sita hadi wanane anasuka, anapima, anafunga fundo. Kisu, panga, maji ya moto na shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, hubaki kwa mkubwa, na mkubwa awe mmoja anayejulikana: mama, baba, bibi au dada, si yeyote aliye karibu.

Na hatua uliyompa mtoto ni yake. Usiifumue mbele yake ukaifunga upya kwa sababu imepinda. Kama fundo halishiki, mwoneshe kwenye uzi wako, kisha mwache alifunge tena mwenyewe. Hili naliona kubwa kuliko kifaa chochote kitakachotajwa hapa chini.

Kuhusu muda, mtoto wa miaka mitatu akikaa dakika ishirini amekaa sana. Fanyeni asubuhi kabla jua halijapanda au baada ya alasiri, barazani au chini ya mwembe, juu ya jamvi, na beseni la maji na kitambaa cha kufutia mikono pembeni. Vifaa viwe ndani ya sinia moja ili mdogo asitambae kuvitafuta.

Vitu vya kuwaweka mbali

Huku kwetu kusini mwa Tanzania kuna hatari ambazo miongozo ya kwingine haizitaji, kwa hiyo nianze nazo.

Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Msimu ukifika, korosho zimeanikwa kila uwanja na watoto huzipenda kwa umbo lake, lakini zisiingie kwenye sinia la kazi, hata zile zilizokauka. Zisichomwe karibu na watoto pia, kwa kuwa moshi wake unawasha macho na kifua, na mafuta huruka.

Mbegu nyekundu za mtipitipi, zile zenye doa jeusi, ni nzuri kwa macho na ni sumu kali. Hatari yake huongezeka pale zinapotobolewa au kutafunwa, na kuzitoboa ndiko hasa anakokufanya mtu anayetaka kutunga mkufu. Mbegu za nyonyo nazo ni hivyo hivyo. Mkitaka mbegu za kuchezea, tumieni za ukwaju au za ubuyu zilizooshwa na kukaushwa. Hata hizo asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu chochote kinachoingia chote kinywani kinaweza kumkaba.

Betri zilizokwisha zisipasuliwe ili kupata rangi nyeusi. Mkaa uliosagwa unatosha. Vumbi la mpingo nalo, kama una fundi wa kuchonga jirani, linawasha ngozi na kuumiza kifua, kwa hiyo usiliombe kwa ajili ya watoto.

Gundi ya muhogo

Gundi ya dukani ni ghali na huisha siku moja mikononi mwa watoto. Chukua vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo uliochekechwa, uvuruge katika robo kikombe ya maji baridi mpaka mabuja yaishe, kisha umimine kwenye robo tatu ya kikombe cha maji yanayochemka huku unakoroga. Rangi nyeupe ya unga ikiondoka na uji ukawa wa kung'aa, epua. Wakati huo wote watoto wasiwe jikoni. Ikipoa, mpe wa miaka minne atumie kidole chake; brashi haina lazima. Hukaa siku mbili, tatu, kisha huchacha, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Chumvi kidogo huichelewesha kuharibika.

Pangaboi la kuti

Hili ndilo la kuanza nalo, maana linakamilika kabla mtoto hajachoka. Kata kuti bichi, uchambue majani marefu, na kwa kisu toa uti wa katikati wa kila jani. Uti huo ndio chelewa. Uweke, utautumia baadaye. Sasa una vipande virefu vya kijani. Vikate vinne vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 25 hivi, vyote sawasawa. Wa miaka mitano avikunje nusu kwa nusu na kupitisha ukucha kwenye mkunjo.

Kila kipande sasa kina mkunjo upande mmoja na miguu miwili upande mwingine. Shika cha kwanza kikiwa kimelala. Cha pili kikikumbatie cha kwanza, mguu mmoja juu na mmoja chini. Cha tatu kikikumbatie cha pili kwa namna hiyo hiyo, na cha nne kikikumbatie cha tatu. Miguu ya cha nne iingie katika nafasi iliyo ndani ya mkunjo wa cha kwanza. Vuta miguu polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka katikati pakaze na kuwa mraba uliosukwa. Ukivuta kwa pupa upande mmoja, mraba unakimbia na inabidi mwanzo mpya.

Kata mguu mmoja katika kila jozi, yabaki mabawa manne, na uyapinde kidogo yote upande mmoja. Toboa katikati ya mraba kwa chelewa, acha tundu liwe pana kuliko chelewa yenyewe, na uzuie mbele na nyuma kwa vijipande vya bua la jani. Mtoto akikimbia nalo linazunguka. Kuti likikauka linajikunja na kukwama. Hilo ni la siku moja au mbili, kisha mnatengeneza jingine. Saa ya kuti ya mkononi na miwani ya kuti mtoto atafundishwa na wenzake, haina haja ya mwongozo.

Kishada

Kusi, upepo wa kutoka kusini, likianza kuvuma, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hivi, kila mtoto wa pwani anatamani kitu cha kurusha. Zamani ngozi ya kishada ilikuwa mfuko wa plastiki. Tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na kwa kishada gazeti linafaa vizuri: ni jepesi, linashika gundi, na likichanika linazibwa kwa kipande kingine.

Mahitaji: chelewa nne ndefu zilizokauka, ukurasa mzima wa gazeti uliokunjuliwa, uzi wa kushonea, uzi imara wa pamba wa kurushia, gundi ya muhogo, na vipande virefu vya kitenge kuukuu.

1. Chelewa moja ina shina nene na ncha laini, kwa hiyo kishada cha chelewa moja moja hupinda upande. Dawa yake ni kuunganisha mbili mbili kwa kupishana, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, na kuzifunga kwa uzi sehemu tatu. Unapata njiti yenye unene uleule kote. Tengeneza mbili, moja ya sentimita 50 na nyingine ya sentimita 40.

2. Kwenye njiti ndefu pima sentimita 13 kutoka juu, utie alama. Mtoto wa miaka saba anaweza kupima hapa kwa rula ya shule. Laza njiti fupi juu ya alama hiyo, katikati yake hasa, na ufunge kwa uzi wa msalaba, mara kadhaa kila upande. Iweke juu ya kidole kwenye makutano: bawa la kulia na la kushoto yalale sawa. Kama moja linazama, sogeza.

3. Chonga mfereji mdogo kwenye ncha nne na uzungushe uzi kutoka ncha hadi ncha mpaka upate umbo. Uzi uwe umekaza, lakini usipinde njiti.

4. Laza mifupa hiyo juu ya gazeti, chora kuufuata uzi, na ukate ukiacha sentimita 2 za ziada pembeni. Kazi ya gundi ni ya wadogo: mmoja anapaka ukingo, mwingine anaukunjia ndani juu ya uzi na kubonyeza. Kianike kivulini. Juani gazeti hujikunja na kuvuta njiti.

5. Kikikauka, geuza upande wa mbele. Toboa karatasi kwenye makutano, funga hapo ncha moja ya uzi wa sentimita 60, na ncha nyingine uifunge mwisho wa chini wa njiti ndefu. Huo uzi uliolegea ndio hatamu. Tengeneza kitanzi kidogo juu yake, karibu zaidi na makutano kuliko na mkia. Ninginiza kishada kwa kitanzi hicho: kichwa kiinuke kidogo kuliko mkia.

6. Mkia uwe wa mita 2 na nusu hadi 3, wa vipande vya kitenge vilivyofungwa kimoja kwa kingine. Hapa hata wa miaka mitatu ana kazi, kuchagua rangi ipi ifuate ipi.

Nendeni pwani maji yakiwa yamekupwa, pale mchanga unapokuwa mpana. Mkubwa asimame kisogo chake kikielekea upepo ameshika uzi, mtoto asimame mbali mbele yake na kishada kimeinuliwa juu ya kichwa, na upepo ukija akiachie, asikirushe. Kikizunguka na kupiga mbizi, ongeza mkia. Kikigoma kupanda na kulalia nyuma, sogeza kitanzi kidogo kuelekea kichwani. Usisogeze vyote viwili kwa mara moja, hutajua kipi kilichosaidia.

Msirushe kamwe karibu na nyaya za umeme wala barabara ya bodaboda, na uzi usiwe wa waya. Kikinasa kwenye waya wa umeme, kiacheni.

Ukili wa kwanza

Kishada kina msimu wake, kusuka ukili, yaani mshipi wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, hakuna. Tena wakati wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili, ndio mzuri zaidi, kwa kuwa hewa yenye unyevu huweka ukindu, majani ya mtende mwitu, laini na watoto wamo ndani. Ningeambiwa nichague kazi moja tu kwa nyumba yenye watoto, ningechagua hii. Inajenga vidole kabla ya kalamu, na mtoto anakaa karibu na bibi yake saa nzima bila kuombwa.

Nunua sokoni fungu dogo la ukindu uliokwisha kaushwa. Kama una mkindu karibu, yanayotakiwa ni makuti machanga ambayo bado hayajafunguka. Huanikwa juani mpaka yawe meupe, na jioni huingizwa ndani yasipate umande. Kila jani huchanwa kwa ncha ya sindano au ukucha wenye mazoea, kukapatikana chane za upana mmoja. Kwa watoto ziwe pana, nusu sentimita au zaidi, maana chane nyembamba za mikeka ya harusi si za vidole vyao.

Rangi: sokoni kuna poda za rangi za mikeka, ambazo huchemshwa, na kazi hiyo ifanywe na mkubwa watoto wakiwa mbali. Manjano ya jikoni, vijiko viwili kwa lita moja ya maji, hutoa njano nzuri, ingawa jua huipausha mapema. Chemsha chane humo nusu saa, ziache zipoe humo humo, kisha suuza na uanike kivulini.

Siku ya kusuka, lowesha chane na uzifunge ndani ya kitambaa kibichi kwa nusu saa hivi. Ukindu mkavu unavunjika kwenye kona. Ukindu uliorowa mno unasukika vizuri lakini ukikauka unaacha mianya. Shika chane mkononi, ipinde: ikikunjika kimyakimya bila kutoa sauti ya kupasuka, iko tayari. Kazi ya kulowesha na kulinda kitambaa mpe wa miaka mitatu, na umwambie wazi kwamba bila yeye hakuna kinachosukwa.

Anza na chane tatu, za rangi tatu tofauti ikiwezekana, ili mtoto aone ipi imekwenda wapi. Zifunge pamoja kwa fundo, fundo ulikanyage kwa kidole gumba cha mguu au ulifunge kwenye mguu wa kiti. Chane ya kulia inapita juu ya ya katikati na kukaa katikati. Ya kushoto inapita juu ya ya katikati na kukaa katikati. Ndiyo hiyo tu, kulia, kushoto. Mtoto aseme kwa sauti jina la rangi anayoivusha; mkono wake utafuata mdomo. Baada ya kila mzunguko abane kwa gumba na kidole cha shahada, kuelekea fundo, kabla ya kuendelea. Ukili uliolegea hutokana na kutobana, si na mkono dhaifu.

Chane ikibaki urefu wa kiganja, chukua mpya, ilaze juu ya ile inayokwisha, na usuke zote mbili kama moja kwa mizunguko mitatu. Ncha zote zitokeze upande mmoja wa ukili, ndio utakaokuwa wa chini. Usikate ncha hizo sasa. Ukizikata mapema zinachomoka. Na msiunganishe chane mbili mahali pamoja, zipishanisheni, vinginevyo panavimba.

Mtoto akizoea tatu, mpe nne, kisha tano. Kwa tano, ya ukingoni inapita juu ya ya pili, chini ya ya tatu, na kusimama katikati, halafu ukingo wa pili unafanya vilevile. Kutoka hapo, bibi yeyote wa mtaani anayesuka mikeka atampeleka mbali kuliko maandishi. Mwende mkamwamkie, mwombe ruhusa ya kukaa, na mchukue chane zenu wenyewe.

Ukili wa mita 3 wa chane tatu unatosha kimkeka cha kuwekea kikombe au chungu kidogo. Uloweshe tena, uzungushe wenyewe kwa wenyewe kuanzia katikati, ukingo kwa ukingo, na mkubwa aushone kwa shazia na uzi imara, akipitisha kwenye macho ya pembeni ya kila mzunguko. Usivute uzi sana. Duara likianza kuinuka kama kawa la kufunikia chakula, umevuta mno, na likiwa na mawimbi umelegeza. Mwisho ndipo mkate zile ncha za chini. Weka kitu kizito juu yake usiku mmoja.

Udongo

Udongo wa kichuguu, au wa bondeni unaonata kwenye jembe, ndio wa kufinyangia. Ujaribu: viringisha kamba nene kama penseli na uizungushe kidoleni. Ikipasuka, tafuta kwingine. Uponde ukiwa mkavu, chekecha, lowesha usiku kucha, kisha kandeni. Mashimo ya hewa yakibaki ndani, ukuta wa chombo huwa dhaifu, kwa hiyo kukanda kusiharakishwe, na watoto hawatakuomba uache.

Wafinyanzi wa nyanda za Wamakonde hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, na mtoto naye anaweza. Aviringishe donge la ukubwa wa chungwa, achomeke kidole gumba katikati, kisha azungushe huku akibana ukuta kati ya gumba na vidole. Ukuta uwe mnene kama kidole chake kidogo. Umbo likipatikana, alainishe kwa kifuu au kijiwe laini chenye maji kidogo. Kianike kivulini chini ya kitambaa kwa siku kadhaa. Upepo wa kusi hukausha upande mmoja na kuleta nyufa. Si lazima kuchoma. Chombo kikavu hakishiki maji, lakini kinabeba vifungo na penseli. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mnapomaliza.

Kuchonga bila mpingo

Mtoto wa Mtwara huona vinyago mapema na atauliza. Mpingo ni mgumu hata kwa patasi ya fundi. Mpe wa miaka saba kipande cha sabuni ya mche na mpini wa kijiko. Achore samaki kwa msumari juu ya sabuni, aondoe pembe kwanza, kisha mgongo, kisha tumbo, magamba mwishoni. Akwangue kidogo kidogo kuelekea mbali na mwili. Asijifute macho. Vinyuzi vya sabuni vikusanywe kwenye kopo, vinafulia.

Kabla ya kuweka vifaa

Mpira wa matambara hauhitaji zaidi ya soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa vilivyobanwa, ikafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwa kupishana kila upande, ili udunde. Kwa wadogo uwe wa ukubwa wa dafu, wataupiga bila kuanguka.

Ukindu uliobaki ufungwe kwa fundo na kuning'inizwa darini, mbali na mchwa na mende, na kila mwezi uanikwe kidogo. Chelewa ziwekwe zimelala. Udongo uliobaki usitupwe: ufunge ndani ya kitambaa kibichi, uutie kwenye ndoo yenye kifuniko, na ukikauka unalowekwa upya. Shazia na kisu, vihesabu kabla ya kukunja jamvi.